Natafuta upepo usio na mdomo

Nimeshona suti za maharusi, nimeshona majoho ya kwaya, na pazia za ukumbi mzima nilizimaliza kwa siku mbili na usiku mmoja. Lakini kununua feni moja ya chumbani kumenitoa jasho kuliko joto lenyewe.

Tabora ya Oktoba mnaijua. Mvua bado, maembe ndiyo yananenepa mtini, na jua linapiga bati kama linadai kodi. Nyumba yangu ya kupanga hapa Isevya haina silingi. Ukilala chali unaona kenchi, papi, na misumari iliyochungulia kuja kukusalimia. Mchana kutwa lile bati linameza jua. Usiku unaingia, nje kumeshapoa, maana mji huu uko juu, mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, na barazani watu wanajitupia khanga mabegani. Ndipo bati langu linapoanza kutapika joto lote lililokula mchana, na linatapikia kitandani kwangu.

Feni tulikuwa nayo. Ya kusimama, inchi 16, tuliinunua mwaka aliozaliwa Sada, na Sada sasa ananipita urefu. Ukiiwasha haizunguki. Inatoa kwanza "mmmmm", kama mzee anayejiandaa kuinuka kwenye kigoda. Inabidi uchukue njiti ya ufagio wa chelewa, uipenyeze kwenye wavu, usukume panga moja taratibu, uondoe mkono haraka. Hapo sasa inaanza: ngwa-ngwa-ngwa-ngwa. Ikigeuka mpaka mwisho wa kushoto inasema "kech!", inafikiria kidogo, inarudi. Kech moja kila sekunde 12. Najua kwa sababu nimehesabu. Usiku mmoja nilifika kech 240, ambazo ni dakika 48, na pembeni yangu Mama Sada analala kama mtu aliyelipwa kulala.

"Feni hii itaniua," nikamwambia asubuhi.

"Baba Sada, mchana kutwa unatukokotea cherehani chumba cha mbele. Nani kakulalamikia?"

"Cherehani yangu haipigi kelele. Ile inaimba. Kila siku kabla sijanywa chai natia oili kwanza, unaniona."

"Basi na hiyo feni inaimba."

Ukweli mji huu watu wake wana masikio ya chuma. Reli ilifika hapa mwaka 1912, na tangu hapo honi ya treni inalia usiku wa manane na mtoto hageuki ubavu. Mimi tu ndiye niliyezaliwa na masikio ya Ulaya.

Nikakata shauri. Hela ya sare za shule niliyolipwa ikapita moja kwa moja kwenda dukani, haikufika hata nyumbani kusalimia.

Sasa naomba mnieleze. Kwa nini duka la feni lazima liwe na sabufa mlangoni? Naingia, singeli inapigwa mpaka mabeseni ya duka la pili yanacheza. Kijana wa dukani ananiwashia feni, ananisogelea sikioni, anapiga kelele: "HII KIMYA KABISA, BOSI!" Nikamwomba azime muziki nisikilize. Akanitazama kana kwamba nimemwomba azime jua. Alipozima, duka zima likageuka kunitazama mimi niliyeinama, sikio kwenye mota, jicho nimefumba, kama mganga anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Feni ile iliyokuwa kimya kabisa ikasikika kama kuku aliyefungwa kwenye mfuko wa rambo.

"Hiyo namba tatu, bosi. Kimya ni namba moja."

Akaweka namba moja. Kweli ikanyamaza, na upepo nao ukanyamaza. Nilishika kipande cha uzi mbele yake, uzi wenyewe ule mwepesi wa kudarizi, haukutikisika.

Duka la pili wakanisifia wati. "Hii wati 65, mzee, kimbunga!" Bahati nzuri nilikwenda na mjukuu wa mwenye nyumba wangu, yuko kidato cha sita, anasoma fizikia na hawezi kukaa nayo tumboni. Akaniambia, babu, wati ni kile feni inachokula, siyo kile inachotoa. Nikamwelewa palepale, kwa sababu nina shemeji wa hivyo. Kwamba ukiwasha feni ya wati 50 usiku kucha, kwa muda wa saa kumi, umekula nusu uniti ya LUKU, na hiyo nusu uniti inaweza kuwa upepo au ikawa makelele na mota kupata moto tu.

Kijana huyo wa fizikia akaendelea, na hapa nikiri alinifaa. Panga dogo likitaka kutoa upepo mwingi lazima lizunguke mbio, na mbio ndiyo kelele. Panga kubwa linasukuma hewa nyingi hata likienda pole. Kwa hiyo anayetaka nguvu na ukimya pamoja anunue feni kubwa, kisha aiendeshe taratibu. Tena ukiona boksi limeandikwa desibeli, usidharau tofauti ya kumi: ikiongezeka kumi, sikio linaona kama sauti imekuwa mara mbili. Nikamuuliza Mama Sada akikasirika zinaongezeka ngapi. Akacheka kwa adabu, hakujibu, ni mtoto aliyelelewa.

Kwa hesabu hiyo mfalme wa yote ni pangaboi. Mabawa marefu, linazunguka pole juu kule, upepo unakushukia kama baraka. Nikaenda kwa mwenye nyumba kuomba ruhusa. Mzee akaitazama dari yangu isiyokuwepo. "Utalining'iniza wapi? Kwenye kenchi hii?" Kenchi yenyewe alipiga mwenyewe enzi za ujana wake, na akiikumbuka hata yeye hakai sana chini yake. Halafu pangaboi linataka mabawa yawe juu ya sakafu mita mbili na zaidi, na kitandani kwangu mimi huwa nasimama kufunga chandarua. Nikajiona nafunga chandarua, nikajiona nanyolewa. Tukaliacha.

Chandarua nacho nikitaje, maana ni mgogoro ndani ya mgogoro. Ukikifunga, upepo unafika umechoka, nusu yake imebaki nje kwenye matundu. Ukikifungua, mbu. Anayesema mbu haruki kwenye upepo aje aongee na wa kwangu, wanamsubiri kech aende kushoto wanaingia kulia.

Na kuna jambo jingine kijana yule alinivua nguo mbele ya wenye duka. Nilikuwa na mtindo wa kuiwasha feni saa tisa mchana, nafunga mlango, narudi kwenye cherehani, ili nikiingia jioni nikute chumba kimepoa. Miaka yote hiyo! "Babu, feni haipoozi chumba. Inapooza mtu, kwa kukausha jasho lake. Kama ndani hakuna mtu, mota inaongeza joto tu." Yaani mimi kila siku nilikuwa napepea godoro, tena kwa hela. Nikauliza sasa nifanyeje. Akasema jua likizama na nje kukapoa, fungua madirisha, isogeze feni dirishani igeukie nje, itoe lile joto, hewa ya baridi itaingia yenyewe upande wa pili. Ndiyo iwe ya kukupepea baadaye. Nilijaribu. Jirani wa dirisha lile akaja kuuliza kwa nini nampelekea joto langu.

Duka la tatu ndilo nililonunua. Inchi 18, mapanga matano mapana, kitako kizito cha chuma. Kitako msikidharau, feni nyingi hazina kelele zenyewe, zinatetemesha tu plastiki zao. Niliishika shingo, nikaitikisa, haikucheza. Nikaiweka namba moja, muziki umezimwa, uzi wangu ukasimama ulalo kama bendera. Sauti yake ilikuwa "shhh" basi, kama mama anayembembeleza mtoto. Elfu themanini na tano. Nikalipa mkono unatetemeka.

Kuibeba sasa. Bodaboda wa kwanza alikataa, wa pili akataka nauli ya watu wawili kwa sababu "huyu mwenzio ana kichwa kikubwa". Nikaikumbatia mimi, kuelekea Isevya, nikawaza babu zetu Wanyamwezi waliotoka hapa hapa na pembe za ndovu begani mpaka Bagamoyo, kwa miguu, miezi. Mimi kilomita mbili juu ya pikipiki nilifika kiuno kimekufa.

Ile ya zamani nikaipitishia kwa fundi wa pale jirani na soko. Akaitazama, akanipa elfu tano. Nikazipokea mbio asije akaiwasha.

Usiku ule, jamani. Namba moja. Shhh. Pazia linapumua. Nililala saa tatu nikaamka saa kumi na mbili, sijahesabu chochote. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu nilianza kuwa na roho nzuri, nikampunguzia mteja elfu mbili bila kuombwa, Mama Sada akanishika paji la uso.

Siku ya nne, saa mbili usiku, hodi. Mama Haruni, wa chumba tunachopakana ukuta. Ukuta wetu hauendi mpaka juu, unaishia usawa wa papi, kwa hiyo kinachosemwa kwangu kinasikika kwake na kinachokaangwa kwake kinanukia kwangu. Mgongoni ana mtoto wa miezi sita analia kwa sauti ya mtu mzima. Macho ya mama mekundu.

"Shikamoo Baba Sada. Samahani kwa usumbufu. Eti, ile feni yenu mmeipeleka wapi?"

"Marahaba. Ile mbovu? Nimeiuza. Kwani ilikuwa inakusumbua?"

"Inisumbue? Huyu mtoto tangu azaliwe analala nayo. Ile kech ndiyo inamfumba macho. Leo siku ya nne hajalala, na mimi sijalala, na baba yake amehamia kwa kaka yake."

Mama Sada akanitazama. Sikujua kwamba mtu anaweza kusema yote yale bila kufungua mdomo.

Asubuhi kabla ya chai nilikuwa kwa fundi. Nikaiona feni yangu mlangoni, imefutwa vumbi, imefungwa utepe mwekundu kwenye wavu kuonyesha upepo. Inazunguka. Nikasogea. Nikainama, nikaweka sikio. Kimya. Kimya kuliko ile ya elfu themanini na tano.

"Mwangaluka, mzee," fundi akasema, anajidai. "Umeiona? Hiyo sasa naiuza elfu thelathini na tano."

"Umeifanya nini? Umebadilisha mota?"

"Mota nzima. Bushi tu zilikauka, ndiyo maana ilikuwa nzito kuanza. Nimetia matone mawili ya oili ya cherehani. Na kule kwenye giya ya kugeuzia nikapaka grisi kidogo."

Nilikuwa na chupa ya oili mfuko wa shati. Huwa natembea nayo. Nikaifunika na kiganja asiione.

"Fundi," nikasema, "unaweza kuirudisha ilivyokuwa?"

"Ilivyokuwa vipi?"

"Ile ngwa-ngwa. Na mwishoni kule kushoto, kech."

Akazima feni. Akakaa chini. Akanitazama muda mrefu, halafu akavuta boksi la spana.

"Kuiharibu ni elfu kumi," akasema. "Kech bei yake mbali."