Kazi ya kikundi mtandaoni: wanafunzi wa vyuo vikuu wanakataa nini hasa?

Wahadhiri wengi wa vyuo vikuu vya Tanzania wana lalamiko linalofanana. Chuo kina mfumo wa kujifunzia mtandaoni uitwao Moodle, uwanja wa mijadala umefunguliwa, hati ya pamoja ya Google imeandaliwa kwa kila kikundi, lakini wanafunzi huingia siku ya kupakua slaidi na siku ya kuwasilisha kazi, kisha hawaonekani tena. Wapo wanaohitimisha kwamba vijana wetu bado hawajazipokea zana za kushirikiana mtandaoni. Wanafunzi nao hujibu kwamba wanashirikiana kila siku, tena hadi usiku wa manane, isipokuwa wanafanya hivyo kwenye makundi ya WhatsApp ambayo mhadhiri hayaoni. Kila upande una ukweli wake, na ndiyo maana suala hili halifai kuamuliwa kwa haraka.

Mwaka 1989 mtafiti Fred Davis alieleza kwamba mtu huipokea teknolojia akiona inamfaa na haimpi taabu kuitumia. Mwaka 2003 Viswanath Venkatesh na wenzake, Davis akiwa mmoja wao, waliunganisha nadharia kadhaa za aina hiyo na kuweka pia ushawishi wa watu wanaomzunguka mtumiaji pamoja na mazingira yanayomwezesha. Madodoso mengi yanayogawiwa vyuoni kuhusu jambo hili yametokana na kazi hizo mbili. Udhaifu wa madodoso hayo ni kwamba mwanafunzi aliyeambiwa atumie mfumo ili apate alama za kozi hana nafasi ya kuukataa. Akijaza kwamba anautumia kila wiki, tumepima utii wake tukadhani tumepima ridhaa yake.

Hoja ya gharama ina uzito mkubwa. Mkutano wa video wa saa moja unaweza kula bando la karibu GB 1, na kwa mwanafunzi aliyepanga chumba mtaani, ambako intaneti ya chuo haifiki, fedha hiyo hutoka kwenye bumu (fedha ya kujikimu ya mkopo wa elimu ya juu) lile lile linalolipa chakula na nauli. Vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, hadi vilipofunguliwa tena tarehe 1 Juni, wanafunzi walitawanyika mikoani, na ikawa dhahiri kwamba nchi ina Chuo Kikuu Huria kinachofundisha kwa masafa, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, lakini mazingira ya kusomea mbali na chuo hayakuwa yamewafikia wote kwa usawa.

Hata hivyo, gharama haielezi kila kitu. Hati ya pamoja hutumia data kidogo mno kuliko video, na bado hukwepwa. Nadhani sababu mojawapo ni kwamba hati hiyo hutunza kumbukumbu ya kila badiliko na jina la aliyelifanya. Kila aliyepita chuoni anaijua kazi yenye majina kumi kwenye jalada ilhali walioifanya ni watatu. Kwa hao watatu zana hii ni haki iliyochelewa. Kwa waliozoea kubebwa ni tishio. Wahadhiri wanaoisifu kwa sababu hiyo wana hoja ya msingi, na naiunga mkono.

Lakini naiunga mkono kwa sharti. Kumbukumbu ya hati huonyesha aliyechapa, haionyeshi aliyefikiri. Mara nyingi mwenye kompyuta mpakato ndiye anayeandika kwa niaba ya wenzake, huku mwingine mwenye simu ndogo akiwa ndiye aliyewaeleza kwa ujumbe wa sauti namna ya kulitatua swali. Mhadhiri anayegawa alama kwa kuhesabu mabadiliko ndani ya hati atamzawadia mwenye kifaa na kumwadhibu aliyetoa wazo.

Lipo pia suala la lugha, ambalo kwa maoni yangu halijapewa nafasi linayostahili. Kozi zetu nyingi hufundishwa kwa Kiingereza, na uwanja rasmi wa mijadala humtaka mwanafunzi aandike Kiingereza mbele ya darasa zima na mbele ya mhadhiri, mahali ambapo kosa lake litabaki likisomwa. Kwenye WhatsApp anauliza kwa Kiswahili, anajibiwa kwa Kiswahili, na asipoelewa anauliza tena bila aibu. Mwanafunzi huyu hajaikataa teknolojia. Amechagua mahali anapoweza kufikiri kwa sauti. Ni kweli kwamba mahali hapo pana kasoro zake, kwa kuwa majibu mazuri huzama chini ya mamia ya jumbe, upotoshaji husambaa bila kusahihishwa, na asiye na simu janja huachwa nje kabisa.

Kupitia mradi wa kuboresha elimu ya juu uitwao HEET, unaogharimiwa kwa mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia, vyuo vya umma vinajenga majengo na kuimarisha miundombinu ya TEHAMA. Vifaa hivyo vinahitajika sana. Hata vikikamilika vyote, uwanja wa mijadala utabaki mtupu iwapo swali la mwanafunzi litakaa wiki mbili bila jibu la mhadhiri. Ningeanza na hilo, pamoja na ruhusa ya kujadiliana kwa Kiswahili hata kama kazi ya mwisho itawasilishwa kwa Kiingereza, kabla ya kugawa dodoso jingine la kuwauliza wanafunzi kama wameupokea mfumo.