Usukani wa haraka si lazima uwe usukani unaojibu

Mwenye Impreza au Altezza akifika gereji Mwanjelwa, Mbeya, akasema usukani wa gari lake ni mvivu, hakosi kupewa moja ya dawa tatu: afunge usukani mdogo, atafute reki (fimbo yenye meno inayosukuma tairi za mbele zigeuke) yenye uwiano mfupi, au aweke spesa (kipande cha kuongeza nafasi) kwenye tairodi (fimbo inayounga reki na tairi) ili tairi zikate zaidi. Zote tatu zinafanya kazi. Cha kuuliza ni kazi gani na kwenye barabara ipi, maana gari hilohilo linalopinda vichochoro vya Mbeya asubuhi ndilo litakalopishana na malori ya Tunduma jioni.

Wanaotaka uwiano mfupi wana hoja. Uwiano wa usukani ni digrii ngapi unazungusha mkononi ili tairi za mbele zigeuke digrii moja. Magari mengi ya kawaida yako kati ya 15 na 18. Toyota GT86 ina 13 na kidogo, Alfa Romeo Giulia iko chini ya 12. Impreza STI Spec C ilitoka kiwandani na reki ya 13, ndiyo maana wenye Subaru Forester, ambayo uwiano wake ni 16 na nusu, huiwinda reki hiyo. Sasa chukua kona kali ya mlimani yenye nusu kipenyo cha mita 12, na gari lenye mita 2.6 kati ya tairi za mbele na za nyuma. Tairi zinatakiwa kukata kama digrii 12. Kwa uwiano wa 16 hiyo ni digrii 195 za usukani, na mikono lazima iachie na kushika upya katikati ya kona. Kwa 13 ni digrii kama 159, na mikono iliyoshika kushoto na kulia inafika bila kuhama. Kwenye vumbi faida ni kubwa zaidi: mkia ukianza kuserereka, mwenye reki fupi anawahi kukata kinyume. Kwa anayekimbiza gari kwenye changarawe, mjadala umekwisha hapo.

Ila kona kali ni sehemu ndogo ya safari. Toka Uyole kwenda Makambako, ukishapita Inyala, unakaa muda mrefu kwenye barabara iliyonyooka, mwendo ni kilomita 100 kwa saa, na kazi ya mikono ni masahihisho madogo tu. Hapo ndipo uwiano mfupi unapodai malipo yake, na malipo hayo yanahesabika.

Usukani wa kipenyo cha sentimita 37 ukiusogeza sentimita moja pembeni, umezungusha digrii tatu na kidogo. Sentimita moja ni chafya, ni kugeuka kumwangalia mtoto siti ya nyuma. Kwa uwiano wa 16 na kasi ya 100, hesabu ya karatasi inasema baada ya sekunde moja gari limehama pembeni kama sentimita 50. Kwa reki ya 13 ni 62. Ukiongeza na usukani mdogo wa sentimita 32, sentimita ileile ya mkono inakuwa digrii tatu na nusu, na gari linahama 71. Gari halisi litahama pungufu ya hapo kwa sababu tairi hujipinda kabla ya kushika, lakini mpangilio wa tarakimu hizo tatu unabaki uleule. Sasa weka lori. Kwenye njia ya upana wa mita 3.25, lori la mita 2.5 na gari la mita 1.75, kila mmoja akiwa katikati ya njia yake, mnaachana mita 1.1. Dereva wa kwanza, wa uwiano wa 16, katumia chini ya nusu ya nafasi hiyo. Wa tatu, mwenye reki fupi na usukani mdogo, katumia karibu theluthi mbili, kwa chafya ileile. Ongeza upepo wa Makambako, na ule mkupuo wa hewa unaokupiga lori likishapita, halafu fikiria dereva anayefanya masahihisho ya namna hiyo saa tatu mfululizo.

Usukani mdogo peke yake, bila kugusa reki, unakupa mkononi kitu kama uwiano wa 14 badala ya 16, na unakuwa mzito kwa kiasi hichohicho. Juu ya hapo unapoteza mfuko wa hewa uliokuja na ule wa kiwandani. Kwa bei hiyo, si biashara nzuri.

BMW walipoweka usukani unaobadilisha uwiano kwenye Series 5 ya 2003, walikuwa huru kuchagua chochote kwa kila kasi. Mwendo mdogo waliupa takriban 10, na kasi ilipopanda waliurefusha hadi karibu 20. Hawakuwa wanatengeneza gari la wazee.

Kinachochanganywa gereji ni wingi na wakati. Uwiano unaamua uzungushe kiasi gani. Haupunguzi muda kati ya mkono kuanza kusogea na pua ya gari kuanza kugeuka. Muda huo uko kwenye ukuta wa tairi, upepo uliomo ndani, raba zinazoshika reki, bushi za loa amu (mkono wa chini unaoshika tairi), boljointi (kiungo cha duara) na yunivaso ndogo (kiungo kinachopinda) ya chini ya usukani. Tairi ya saizi 225/45R17 ambayo upepo wake umeshuka kutoka psi 33 hadi 26 itakupa usukani wa uji hata ukifunga reki ya Spec C. Raba za reki zikilainika kwa mafuta yanayovuja, mwili wa reki unahama kwanza, tairi zinafuata baadaye. Matuta na mashimo huziua sehemu hizi taratibu, kwa hiyo mwenye gari haoni siku zilipokufa. Anachoona ni uvivu, na kwa uvivu huo unalaumiwa uwiano.

Upande wa duara la kugeuzia kuna kutoelewana kwingine. Mitsubishi Lancer Evolution IX inageuka kwa nusu kipenyo cha mita 5.9, sawa na Land Cruiser 200. Mark X ya GRX120 inayosukumwa na tairi za nyuma, ndefu kuliko Evo, inageuka kwa 5.2. Watu husema Evo ina kasoro. Gawanya urefu kati ya tairi za mbele na za nyuma kwa nusu kipenyo, tafuta pembe yenye sine hiyo, utaona kilichotokea: tairi ya nje ya Mark X inakata kama digrii 33, ya Evo kama 26. Injini ya Evo imelala kwa upana na gia boksi iko ubavuni mwake, tairi ni pana, na tairi za mbele zinavutwa na ekseli zenye sivijointi (viungo vinavyozungusha tairi hata ikiwa imekatwa) ambazo haziwezi kupinda bila mpaka. Hizo digrii saba ndizo zilizolipia mvuto wa tairi nne. Zinauma ukiegesha Kabwe, Mbeya, penye bajaji kila upande. Barabarani tofauti ni mita 1.4 za kipenyo, na kwenye lami ya mita 6.5 magari yote mawili yatarudi nyuma kabla ya kugeuka.

Hapa ndipo dawa ya spesa inapokuwa mbaya kuliko zote. Spesa ya milimita 3 hadi 5 kati ya reki na tairodi inaruhusu reki isafiri zaidi. Kwenye Altezza ya kuserereshwa uwanjani inaeleweka. Kwenye Impreza, ambayo tairi za mbele nazo zinavutwa, sivijointi inapindishwa kupita mpaka wake, buti lake linapasuka, vumbi linaingia, na baada ya muda unasikia ka-ka-ka kila ukikata hadi mwisho. Tairi inakwangua fenda ya ndani na mpira wa breki unavutwa. Ukizidisha, tairodi na mkono wa nako (chuma kinachobeba tairi) vinanyooka mstari mmoja na usukani unagoma kurudi.

Kabla ya kununua chochote, washa injini, nyoosha tairi, tikisa usukani kidogo kushoto na kulia huku mwenzako akiangalia chini. Vitabu vya Toyota vinaruhusu uchezaji usiozidi milimita 30 ukingoni mwa usukani, nazo ni sentimita tatu za chafya. Mwili wa reki ukihama, anza na raba zake mbili. Ukitulia, fuata tairodi, boljointi, kisha bushi za nyuma za loa amu. Alaimenti iwe ya mwisho, kwa sababu kila kipande utakachobadilisha kinahamisha mwelekeo wa tairi za mbele, na ukiifanya mwanzo utailipia mara mbili.