Mwili Si Koti

Siku hizi nasoma Biblia kwa kunyoosha mkono. Nikiileta karibu, herufi zinakuwa sisimizi. Nikiipeleka mbali, mkono unaisha kabla maneno hayajatulia. Lenzi ya jicho hukakamaa kadiri umri unavyosogea, na wengi huanza kuliona hilo wakishafika miaka 40 na kitu. Mimi nilipita hapo zamani.

Waumini wenzangu hunifariji kwa neno lilelile: mwili ni koti tu, siku moja utalivua. Najua wanasema kwa wema, lakini sikubaliani nao. Kama mwili ni koti, ufufuo ni wa nini? Koti lililochakaa hutupwa. Paulo, katika sura ya 15 ya waraka wa kwanza kwa Wakorintho, anaufananisha mwili unaozikwa na mbegu, na hakuna mkulima anayezika mbegu kwa nia ya kuiondoa machoni. Waislamu nao wanalijua swali hili. Katika sura ya Yasini mtu anauliza ni nani ataihuisha mifupa iliyokwisha kusagika, akajibiwa kwamba ni yuleyule aliyeiumba mara ya kwanza. Inazungumzwa mifupa pale, wala si moshi unaopaa.

Kwa hiyo mzee akilalamika, mwacheni alalamike. Anaomboleza kitu chenye thamani. Mhubiri, sura ya 12, anaulilia mwili kama nyumba inayofifia: walinzi wanatetemeka, wasagaji wameacha kazi kwa kuwa wamebaki wachache, wachunguliao madirishani wametiwa giza. Wafasiri wengi huona hapo mikono, meno na macho. (Magego yangu yamebaki matano, nimeyahesabu kwa ulimi.) Hamwambii mzee atabasamu. Na Yesu mwenyewe alilia alipokwenda kaburini kwa Lazaro, ilhali alijua anakwenda kumwita atoke.

Ninaamini nitafufuliwa. Imani hiyo hainiondolei uchungu wa kushindwa kutunga uzi kwenye sindano, na sioni kwa nini iniondolee.

Juzi mjukuu wangu alikuwa akinibonyeza mishipa ya mkono, anaisukuma chini, inarudi juu, anacheka. Akauliza, "Bibi, mbinguni utakuwa na mikono hii hii?"

Nikamwambia natumaini hivyo. Akaendelea kubonyeza.