Reli ya Sigi: mifereji kwanza, kichwa cha treni baadaye

Ukiwa Dar es Salaam, ambako SGR inabeba abiria tangu 2024, ni rahisi kuanza kuiona reli ya Mjerumani kama mali ya utalii. Ya kufikiriwa kwanza ni ya Sigi, Muheza: karibu kilomita 23 kutoka Tengeni, upana wa sentimita 75 kati ya reli na reli, iliyojengwa kushusha mbao za Usambara Mashariki. Reli ziling'olewa zamani, ila nyumba ya mkuu wa stesheni bado inapokea wageni wa Hifadhi ya Amani.

Wanaotaka ifufuliwe wana mfano mzito. Eritrea waliirudisha njia ya Massawa hadi Asmara kwa mikono ya mafundi wastaafu, ingawa mataruma ya chuma, yaani mihimili inayolazwa chini ya reli, yalishachukuliwa kujengea mahandaki ya vita.

Lakini Amani hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Kalavati, yaani mfereji wa maji chini ya njia, ikizibwa na majani, maji hupita juu ya tuta, hula udongo ulio chini ya kokoto, na reli hubaki zinaning'inia. Afrika Kusini, mafuriko ya 2006 yaliikata njia ya George, na treni ya mvuke ya watalii ikaacha kufika Knysna.

Chukua kilomita 3 tu. Taruma kila sentimita 70 ni takriban 4,300. Reli za kilo 20 kwa mita ni tani 120. Mitiki ya shamba la miti la Longuza iko jirani, ila kifaacho ni kiini, maana mchwa hula ule mti mweupe wa nje. Mataruma ya chuma ya njia ya mita moja, upana wa reli zetu za zamani, hayaingii hapa. Wapo watakaosema basi tujenge kwa mita moja, tutumie vifaa na mabehewa yaliyopo. Kona zitalazimika kupanuliwa, yaani kuchimba kilima ndani ya msitu wa hifadhi. Hapo tunakataa kabisa.

Mvuke nao unavutia, lakini cheche na kuni havifai msituni. Kiberenge cha dizeli kinatosha.

Kinachotutia shaka zaidi ni mkuza, yaani ukanda wa ardhi ambamo njia hupita. Palipo na shamba au nyumba, fidia yaweza kuzidi bei ya reli. Kwa hiyo kipande kianzie Sigi na kiishie pale mkuza ulipo wazi. Kabla ya kununua hata taruma moja, kalavati zisafishwe na tuta litazamwe masika nzima.