Kamera Ina Masharti Kuliko Ubalozi

Jamani, binadamu akishapata viza amemaliza. Kamera ya video ndiyo kwanza inaanza masharti.

Chukua safari ya Dar kwenda New York, Januari. Hata hujaondoka, betri za akiba zimegoma kukaa kwenye buti la ndege. Za lithiamu lazima ziwe begi la mkononi, vichuma vyake vimezibwa kwa selotepu, maana vikigusana na funguo ni moto huo. Kikomo bila kuomba ruhusa ni Wh 100 (wati-saa, yaani nishati ya betri moja). Hapo mtu mzima unarudi darasa la saba: volti 7.2 za betri mara Ah 2.2 (ampea-saa). Jasho lote hilo, jibu Wh 16!

Unafika, plagi haiingii. Yetu ina meno matatu manene, yao vijibapa viwili vyembamba. Usikubali kuuziwa transfoma nzito kama tofali. Geuza chaja, tafuta miwani, usome. Ikiandikwa 100–240V, 50/60Hz, adapta tupu inatosha.

Halafu umeme wenyewe. Kwetu unapiga mara 50 kwa sekunde, kule 60. Wewe huoni tofauti, kamera inaiona. Ukirekodi sebule ya mjomba kwa shata (muda wa kila picha kupokea mwanga) ya 1/50 ya sekunde uliyoizoea, mistari myeusi inapita kwenye picha kama pundamilia anapanda ngazi. Weka 1/60 kwa mkono, yaishe. Usikimbilie menyu kubadili PAL (mfumo wa video wa kwetu) iwe NTSC (wa kule): kamera nyingine zinadai ufomati kadi kwanza, yaani ufute vyote, na humo ndimo yalimo mapokezi yote ya jana.

Na hiyo kadi ina njaa! Video ya 4K, ile ya picha kali, ya megabiti 100 kwa sekunde inameza GB 45 kwa saa. Kadi ya GB 64 haifiki saa moja na nusu, na nusu ya hapo ni viatu. Ndiyo, viatu. Kidole kilibonyeza mara mbili: ukidhani unarekodi, umezima, ukidhani umezima, kamera inaning'inia mkononi ikichukua lami ya Manhattan dakika 11. Angalia kitone chekundu kwanza, ndipo useme "karibuni New York".

Nje nyuzi -5. Betri iliyojaa asubuhi inakwambia imekwisha. Ya akiba ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili. Iliyozima nayo irudishe humo humo, ikipata joto inafufuka kidogo. Umevuka bahari kwenda kuatamia betri kama kuku.

Ukiingia ndani kwenye hita, lenzi inatoka jasho. Usihangaike kufuta, maana huenda hata ndani ya vioo imelowa. Ungali nje, ifunge kwenye mfuko wa plastiki wa zipu, ingia nayo, iache saa moja au mbili. Unyevu utashika mfuko badala ya kamera. Hapo keki imeshakatwa, imeliwa, na vyombo vimeoshwa.

Kurudi, risiti iwe mfukoni. Forodha hawana njia ya kujua kwamba ulitoka nayo. Na joto la Dar nalo lina jasho lake: kamera iliyotoka kwenye ubaridi haifunguliwi pale pale. Sasa mweleze shangazi, ameshavuta kiti mbele ya televisheni.

"Washa tuone!"

"Shikamoo shangazi. Bado inapumzika, imechoka na safari."