Tulipe maua, si shamba lililolala

Juzi nilikuwa Kabare, huku Kivu ya Kusini kwetu Kongo, kwa mama mdogo, asubuhi mapema, akanivuta mkono mpaka kwenye malenge yake. Ua la kike limefunguka, chini yake kalenge kadogo sawa kidole gumba, nyuki moja anaingia anatoka mwili mzima njano. Kando yake tulenge tatu tumenyauka tunaanguka twenyewe. Yeye anasema ni mvua, mi naona nyuki hawakufika, juu lile ua linafungaka mbele ya saa sita na kama halijapata unga wa ua la kiume basi, njo imeisha.

Sasa kule England serikali inalipa mkulima apande maua ya nyuki, mwaka 2024 ilikuwa pauni 739 kwa hekta moja kila mwaka, na Marekani ile programu yao ya CRP ya tangu 1985 inakodi ardhi ya mkulima miaka 10 mpaka 15 ipumzike. Wazo si baya. Ila wao wako na fasi ya kuacha! Shamba la mama mdogo unalivuka bila kumaliza hatua mia, mwambie alaze kipande kiote maua atakuuliza watoto watakula hayo maua na nini.

Halafu tusidanganyane. Muhogo, ndizi, mahindi, viazi, hivyo havingojaki nyuki, hata maharage yanajichavusha. Watu wa mazingira wanapenda kutaja kwamba karibu 75% ya aina za mazao makuu ya chakula zinafaidika na wachavushaji, lakini ukienda kwa uzito wa mavuno ni 35%, na hiyo hawaisemi kwa sauti. Hapa kwetu mwenye kufaidika ni wa malenge, wa marakuja, wa avoka, na kahawa ya kisiwa cha Idjwi nayo kidogo.

Mi ningelipa kitu ingine. Iko ile mistari ya kaliandra, kale kamti ka majani ya mifugo, watu walipanda kwenye miteremko udongo usishuke na mvua, maua yake mekundu nyuki wanayafuata sana, shida ni mbuzi nao wanapenda majani, kwa hiyo inakatwa kila mara mbele haijachanua. Na huwezi kumlaumu mtu, mbuzi njo minervali, makuta ya masomo ya watoto. Basi alipwe aache mstari mmoja kati ya mitatu uchanue, tuhesabu mizigo ya majani aliyokosa na kivuli kilichoangukia maharage, makuta yapite kwenye simu (mabanki tuliyaona yakifunga 2025), tena alipwe maua yakishaonekana, ni mekundu, hata toka barabarani unayaona. Na mwenye kupuliza dawa ya nyanya asubuhi nyuki wakiwa kazini asipate hata franka.

Nikamuuliza mama mdogo angetaka ngapi. Akanyamaza kidogo, akaangalia mizinga ya jirani kule juu.

"Na asali itakuwa ya nani?"