Gari la wagonjwa halielei

Juzi kwenye kundi la WhatsApp la sisi watu wa Ukerewe tuliohamia Mwanza, mtu katuma picha za makabidhiano ya gari la wagonjwa. Utepe, mkasi kwenye sinia, mheshimiwa na miwani yake ya jua, akina mama na vigelegele. Hongera zikamiminika. Nikauliza swali moja tu: mgonjwa wa kule Ilugwa kisiwani atalipandia wapi? Nikaambiwa napinga maendeleo, na admini akanikumbusha kwamba kundi si la siasa. Haya, naandika hapa ambako admini ni mimi.

Gari si baya. Barabara ya Bugolora hadi Nansio inalihitaji, na ukiwa na mgonjwa wa kumfikisha Hospitali ya Bugando, Mwanza, kwa kuzunguka Rugezi, Kisorya na Bunda, utaliombea dua gari hilo. Lakini wilaya yetu, ndani ya Ziwa Victoria, ina visiwa 38. Anayeumia Ukara usiku ana maji ya kuvuka kabla hajasikia king'ora chochote, na wa kumvusha ni mvuvi. Huyo hajawahi kukatiwa utepe.

Ziwani hufika nani kwanza? Novemba 6, 2022 ndege ya Precision Air ilipoangukia majini pale Bukoba, pua na mdomo na uwanja wenyewe, waliowahi ni wavuvi na mitumbwi yao. Kati ya watu 43 walikufa 19. Majaliwa Jackson, kijana wa mtumbwini, alisimuliwa kuuvamia mlango wa ndege kwa kasia. Taifa zima likampigia makofi, akapewa shilingi milioni moja na ajira Zimamoto. Alistahili, sibishi. Ila somo tulilolipata ni la ajabu kweli: tukamtoa mvuvi mmoja ziwani tukamvalisha sare, na wenzake waliobaki mwaloni tukawaachia makasia.

Miaka minne kabla yake, Septemba 20, 2018, MV Nyerere ilipinduka ikiwa inakaribia gati la Bwisya, Ukara. Kivuko cha watu 101 kilikuwa kimebeba zaidi ya mara mbili ya hao. Tena ni wavuvi na wanakijiji walioanza kuwavuta watu. Giza likaingia, uokoaji ukasimama hadi asubuhi. Tarehe 22 fundi mitambo akatolewa hai ndani ya kivuko kilichopinduka, wakati sisi huku tulishaanza kuzungumzia majeneza. Na wazee wa Bwiru wanaikumbuka meli ya MV Bukoba, Mei 21, 1996: imelala kifudifudi, ndani kuna watu, ikatobolewa kwa nia njema kabisa, hewa iliyokuwa ikiishikilia ikatoka, ikazama.

Nia njema tunayo ya kugawa. Ujuzi ndio haupo, na hilo linanikera kuliko ukosefu wa gari lolote. Niliwahi kukuta pale mwalo wa Kirumba kijana katolewa majini. Wanaume wamemshika miguu, kichwa chini, wanamtikisa, mwingine anambinya tumbo "atapike maji". Baada ya tafrani kupoa nikamsogelea mmoja wao, mtu mzima.

"Shikamoo mzee. Hii njia mlifundishwa na nani?"

"Marahaba mwanangu. Tumeikuta."

Yule kijana alipona. Alikuwa bado anapumua tangu wanamtoa, angepona hata kama wangemlaza ubavu tu na kumfunika kitenge. Lakini sifa imekwenda kwa kuning'inizwa, kwa hiyo wa kesho naye ataning'inizwa, na huyo wa kesho huenda pumzi zimeshakata.

Aliyezama hauawi na maji ya tumboni. Anauawa na kukosa hewa, na ubongo huanza kuharibika ndani ya dakika chache tu. Mlaze chali, inua kidevu. Kama hapumui, mbane pua umpulizie mdomoni pumzi tano, kisha kandamiza katikati ya kifua kwa nguvu na kwa haraka, mara 30, pumzi mbili, tena 30, usiache mpaka apumue au aje mwenye kujua zaidi. Kumtikisa kunazila dakika zake zilezile, na matapishi yanaweza kuishia mapafuni. Mtu akikatwa na panga la injini, gandamiza kidonda kwa kitambaa na usichungulie kila mara kama damu imekata. Majivu hapana, mafuta ya taa hapana, na ule unga wa kahawa unywe mwenyewe. Mvue nguo mbichi, mfunike: upepo wa usiku ziwani humdhoofisha hata aliyekwisha kuokolewa.

Hayo yanafundishika mwaloni, mchana, wavuvi wa dagaa wakiwa wamelala au wanashona nyavu. Kila mwalo una BMU, kikundi cha kusimamia rasilimali za uvuvi, chenye viongozi na orodha ya mitumbwi. Mtumbwi usio na mtu mmoja anayejua kupulizia pumzi usisajiliwe, basi. Na asiniambie mtu kwamba hizi ni ndoto za Ulaya. Hapahapa Mwanza bodaboda walishawahi kufundishwa huduma ya kwanza na kuitwa kwa ujumbe wa simu ajali ikitokea.

Sawa, nakubali, kuna mradi wa Tanzania na Uganda wa mawasiliano ya ziwani, fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, na kituo cha kuratibu utafutaji na uokoaji kikiwa hapa Mwanza. Kizuri. Lakini kituo kikipokea wito kutoka kisiwa cha Goziba kitamwita nani aliye karibu? Tutarudi kwa yuleyule wa kasia.

Majaketi ya kuokolea yavaliwe, yasikaliwe. Na PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, imngoje majeruhi hospitalini, isimngojeshe. Watu wanaogopa kumgusa aliyegongwa kwa hofu ya maswali ya polisi.

Tatizo la mafuta ndilo gumu. Mvuvi anayeacha nyavu usiku kumwahisha mgonjwa anachoma petroli yake, na anakosa dagaa wa siku hiyo. Ndugu wa mgonjwa wanachangishana gizani, tochi ya simu, elfu mbili mbili. Wakati jibu tunalo, tena lilianzia kwetu! m-mama, huduma ya usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga, ilijaribiwa Sengerema na Shinyanga, ikazinduliwa kitaifa 2022. Unapiga 115 bure, dereva wa mtaani anaitwa, anampeleka mama, analipwa kwa simu. Kwa nini mfumo huo umjue mjamzito, aliyejifungua na mtoto mchanga, halafu mvuvi aliyevunjika paja aambiwe ajitegemee? Ashike mimba kwanza? Muongezeni na yeye, na mwenye boti alipwe kama mwenye gari.

Najua mtakachoniandikia: wavuvi watazua safari hewa wapate mafuta. Dereva wa m-mama hulipwa mgonjwa akishapokelewa kituoni. Na zahanati ya kisiwani nayo ina daftari la wagonjwa, lenye tarehe na saa, na nesi anayewajua wenye boti wote kwa majina.